Intaneti iko, lakini haiko: kwa nini ruta yenye njia mbili inakwama kwenye njia iliyokufa

Mama mmoja mwenye sekretariati publiki (duka la kuchapa na kutoa nakala) kule Kamalondo, hapa Lubumbashi, alinipigia simu alasiri moja ya mvua. Nyuma yake nilisikia wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakinung'unika. Fomu zao ziko kwenye barua pepe, printa iko tayari, karatasi zipo, ila ukurasa haufunguki.

"Mwana, internet iko, lakini haiko," akaniambia. "Mi nalipaka mbili, na leo hata moja haiko. Juu ya nini?"

Nikamwuliza: "Mama, kile kiboksi cha faiba pale ukutani, taa zake zikoje?"

"Moja nyekundu, inapepesa. Zingine kijani tu."

"Na modemu ya 4G?"

"Ile iko muzima."

Jibu nilishalipata hapo hapo kwenye simu, kabla sijatafuta viatu. Mama alikuwa na faiba kama njia kuu, modemu ya 4G kama njia ya akiba, na zote mbili zimechomekwa kwenye ruta moja yenye milango miwili ya WAN, yaani ya kuingizia intaneti. Fundi aliyemfungia alimwonyesha jaribio siku ile ile: akachomoa waya unaotoka kwenye kiboksi cha faiba kwenda kwenye ruta, wakahesabu mpaka tano, intaneti ikahamia kwenye 4G, kila mtu akafurahi. Miezi kadhaa baadaye vijana waliokuwa wakichimba mtaro barabarani wakaikata faiba chini ya udongo. Safari hii ruta haikuhama. Modemu ya 4G ilikaa pale na mega zake zote, haina kazi, huku ruta ikiendelea kupeleka kila kitu kwenye faiba iliyokufa.

Ruta haikuharibika hata kidogo. Ilifanya kile ilichoambiwa. Tatizo ni kwamba ruta haijui intaneti ni nini. Inachojua ni waya.

Ruta inaona nini

Simama mbele ya kiboksi cha faiba siku ambayo imekatika huko nje. Taa iliyoandikwa PON, ambayo kwa kawaida inatulia kijani, imezima. Ile iliyoandikwa LOS inapepesa nyekundu, maana yake kiboksi hakipati tena mwanga kutoka upande wa kampuni. Lakini teremsha macho kwenye waya mfupi wa LAN unaotoka kwenye kiboksi kwenda kwenye ruta. Taa yake ya kijani inawaka vizuri kabisa, kwa sababu kiboksi kina umeme, ruta ina umeme, na waya wa mita moja kati yao hauna shida yoyote.

Ukiiambia ruta ya kawaida "tumia ya kwanza, ikifa tumia ya pili", neno "ikifa" inalielewa kwa maana finyu sana: waya umechomolewa, au kifaa cha upande wa pili kimezimwa. Kwa hiyo jaribio la fundi la kuchomoa waya lilipima kitu ambacho ni nadra kutokea. Nani atakuja kuchomoa waya dukani? Faiba hukatwa barabarani, au mtambo wa kampuni hupoteza umeme, au kosa linatokea mbali, katika mji mwingine. Katika hali zote hizo taa ya waya hubaki kijani.

Ruta zenye akili zaidi kidogo hupiga hatua moja mbele. Kila baada ya sekunde chache zinatuma ping kwa lango, yaani kifaa cha kwanza upande wa pili wa waya, kuuliza kama kipo. Inasikika vizuri mpaka ujue lango lenyewe ni lipi. Kwa Mama lango lilikuwa 192.168.1.1, yaani kile kile kiboksi cha ukutani. Ni sawa na kumwuliza sentineli wa getini kama barabara ya Likasi inapitika. Atakujibu haraka, tena kwa heshima, maana yeye yuko getini siku zote. Ila kuhusu barabara hana habari.

Dawa ni kuuliza mtu aliye ng'ambo. Ruta itume ping kwa anwani fulani iliyo mbali kwenye intaneti, na ilazimishwe kuipitisha kwenye faiba peke yake. Jibu likikosekana mara kadhaa, faiba ihesabiwe imekufa hata kama taa zote za waya ni kijani. Hilo ndilo fundo lenyewe. Mengine yote katika kuweka njia ya akiba yanazunguka hapo.

Mistari mitano ya MikroTik

Kila ruta ina orodha ya njia. Njia ya kwenda "kote duniani" huandikwa 0.0.0.0/0. Zikiwepo mbili za aina hiyo, ruta huangalia namba iitwayo distance na kuchukua yenye namba ndogo. Yenye namba kubwa hukaa kando mpaka ile ya kwanza iondolewe kwenye orodha. Kwa hiyo kazi yetu ni moja: kuhakikisha njia ya kwanza inaondolewa kwa wakati unaostahili.

Kwenye ruta ya MikroTik yenye programu ya RouterOS 7, faiba ikiwa nyuma ya lango 192.168.1.1 na 4G nyuma ya 192.168.8.1, mimi huandika hivi:

```
/ip route
add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=208.67.222.222/32 gateway=192.168.1.1 scope=10
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 target-scope=11 distance=1 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=208.67.222.222 target-scope=11 distance=2 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=192.168.8.1 distance=3
```

Mistari miwili ya juu inasema: ukitaka kufika 9.9.9.9 au 208.67.222.222, pita kwenye faiba tu. Mstari wa tatu ndio unaowachanganya watu, kwa sababu unaonekana kama unaituma dunia nzima kwa 9.9.9.9. Sivyo. Ruta inajiuliza "9.9.9.9 nampataje?", inakuta jibu katika mstari wa kwanza, na kupeleka data kwa 192.168.1.1 kama kawaida. Ile 9.9.9.9 ni shahidi tu. Ruta inaipigia ping kila sekunde 10, na ikikosa jibu mara mbili mfululizo, mstari wa tatu unaondolewa.

Kwa nini mashahidi wawili? Kwa sababu shahidi naye anaweza kunyamaza kwa sababu zake. 9.9.9.9 ni ya Quad9, 208.67.222.222 ni ya OpenDNS, hawa hawalali nyumba moja. Wakinyamaza wote wawili kwa pamoja, kosa karibu hakika liko kwenye faiba yako. Hapo mstari wa tano unashika usukani na 4G inaanza kazi.

Kuna mtego mmoja ambao umenila saa nzima siku ya kwanza. Ikiwa ruta inapata anwani ya WAN kwa DHCP (huduma inayogawa anwani yenyewe), DHCP yenyewe huingiza njia ya 0.0.0.0/0 kimya kimya, tena kwa distance ya 1. Njia hiyo haiulizi shahidi yeyote, na itabaki pale faiba ikifa. Ingia kwenye DHCP client ya milango yote miwili, uweke add-default-route=no. Halafu hakikisha sheria ya masquerade (inayozitoa kompyuta za ndani kwa anwani ya nje ya ruta) ipo kwa milango yote miwili, la sivyo 4G itaonekana imeshika lakini kompyuta za ndani hazitatoka.

Asiyekuwa na MikroTik asihangaike. Ruta yenye OpenWrt (programu huria ya ruta) ina kifurushi cha mwan3, ambacho kinafanya kazi hiyo hiyo kwa ukurasa wa kubofya. Unakiandikia anwani za kupima, kila baada ya sekunde ngapi, zikose mara ngapi kabla ya kuhama na zijibu mara ngapi kabla ya kurudi. ER605 ya TP-Link ina sehemu yake inayoitwa Online Detection. Toleo la pili la ruta hiyo lina hata tundu la USB la kuchomeka modemu ya 4G moja kwa moja. Jina la kitufe si kitu. Ukiwa dukani, muulize muuzaji swali moja: hii ruta inaweza kupigia ping anwani ninayoichagua mimi, kwenye kila WAN? Akikujibu kwamba "inahama yenyewe" bila kusema inapima nini, weka pesa mfukoni.

Mitego mitatu ya karibu

Wa kwanza ni wa anwani kugongana. Viboksi vingi vya faiba huja na 192.168.1.1. Modemu nyingi za Huawei huja na 192.168.8.1, lakini nyingine zinakuja na 192.168.1.1 pia, na ruta uliyonunua huenda nayo kwa ndani inatumia 192.168.1.1. Ruta ikiwa na mitaa mitatu yenye jina moja haijui nyumba unayoitaja ni ya mtaa upi. Dalili zake ni za ajabu: njia moja inafanya kazi ukizima nyingine, zote mbili zikiwaka hakuna inayofanya kazi. Kabla ya kugusa chochote, chukua kalamu na karatasi, andika kila kifaa na anwani yake ya ndani, kisha badilisha mpaka namba ya tatu, ile iliyo baada ya 192.168, iwe tofauti kwa kila kimoja. Dakika tano za karatasi zinaokoa jioni nzima.

Wa pili ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kompyuta zikiwa zinatumia DNS ya kampuni ya faiba, siku faiba ikifa na 4G ikashika, maswali yao yataenda kwa mtambo usiofikika, au unaokataa kuwajibu wateja wa kampuni nyingine. Mtu ataona WhatsApp inajikongoja lakini kurasa hazifunguki, aseme 4G nayo mbovu. Tumia DNS ya wazi, kwa mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Lakini angalia: usitumie anwani ile ile kama DNS na kama shahidi. Tumeshamfunga shahidi kwenye faiba. Faiba ikifa, shahidi hafikiki hata kama 4G inakimbia, na kama ndiye DNS yako, basi umejifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe. Kosa hili nimelikuta hata kwa mafundi wenye vyeti, na nakiri limewahi kunipata mimi, bila cheti.

Wa tatu ni faiba inayougua bila kufa. Ping tano zinajibu, tatu zinapotea, mbili zinajibu. Ruta inahama, inarudi, inahama tena, na kila inapohama simu za WhatsApp zinakatika na ukurasa wa benki unakutoa nje, kwa kuwa anwani yako ya nje imebadilika katikati ya kazi. Hali hii inachosha kuliko kukatika kabisa. Kwenye mwan3 ponya yake ni rahisi: uihamishe haraka, uirudishe polepole. Ikikosa mara 3 ihame, lakini isirudi mpaka ijibu mara 10 au zaidi mfululizo. Mistari yangu mitano ya MikroTik haina subira hiyo; inarudi mara tu shahidi anapojibu. Kwa duka dogo inatosha. Kwa kliniki au ofisi yenye VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) ya kudumu, ingefaa kuongeza skripti.

Na hata kuhama kukifanyika vizuri, mazungumzo yaliyokuwa yameanza hayahami nayo. Ukurasa mpya utafunguka, faili lililokuwa likishuka litakatika, simu ya VoIP (inayopigwa kupitia intaneti) huenda ikaganda kwa sababu ruta bado inakumbuka kwamba ilianzia kwenye faiba. Ukikuta simu inaganda mpaka uwashe upya kifaa, ruta inahitaji kufuta kumbukumbu ya miunganisho wakati wa kuhama.

Mwenye kamera za ulinzi anazozitazama akiwa nje ajue pia kwamba kwenye 4G hazitafikika kwa njia ya kufungua port, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje. Kampuni za simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiona modemu imepewa anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, uko humo. Suluhisho ni kamera zenyewe zitoke nje kwa VPN kama WireGuard, zisisubiri kufuatwa.

Usigawe mzigo

Kila mara mtu akisikia ana njia mbili, swali la pili ni hili: kwa nini nisizitumie zote kwa pamoja, niwe na kasi mara mbili? Inawezekana kugawa, lakini si kama watu wanavyofikiri. Faili moja linaloshuka litapita njia moja tu. Njia mbili za mega 10 hazikupi filamu kwa mega 20. Unachopata ni kwamba watu kumi wanagawanyika, watano huku, watano kule. Na 4G inalipiwa kwa mega, faiba inalipiwa kwa mwezi. Ukizigawia mzigo sawa, kifurushi cha 4G kitakuwa kimeisha siku ambayo faiba itakatika. Anza na akiba tu. Kugawa mzigo kusubiri mpaka ulie kwa kukosa kasi, si kwa kukosa intaneti.

Hapo ndipo swali la mega linapoanza kuuma. Siku faiba ya Mama ilipokatika kwa mara nyingine, baada ya kurekebisha, ruta ilihamia 4G bila mtu kugundua. Vizuri. Lakini kompyuta tatu za Windows zilikuwa zikijisasisha, na simu za wafanyakazi zilikuwa zikipandisha picha zao kwenye Google. Kifurushi cha wiki nzima kiliisha kabla ya saa saba mchana. Sasa sheria zake ni kali: njia ikiwa ni 4G, ni kompyuta mbili za kazi tu zinazotoka, Wi-Fi ya simu inazimwa, na ruta inamtumia Mama ujumbe wa Telegram kwamba imehama. Ujumbe huo ni wa lazima. Akiba ikifanya kazi kimya kimya, utajua faiba imekufa siku mega zitakapokwisha.

Njia mbili zinazokufa pamoja

Tuseme ruta yako sasa ni hodari. Bado kuna jambo ambalo hakuna mipangilio inayoweza kulitatua: je, hizo njia mbili ni mbili kweli?

Kutoka Lubumbashi, intaneti ina milango mikubwa ya aina mbili. Upande wa magharibi, data inavuka nchi mpaka Kinshasa, kisha Muanda kwenye Atlantiki, ambako Kongo iliunganishwa na kebo ya chini ya bahari iitwayo WACS mwaka 2013. Upande wa kusini ni karibu zaidi: Kasumbalesa, kilomita kama 90 kutoka hapa, faiba inavuka kuingia Zambia na kuendelea kuelekea Afrika Kusini na kebo za Bahari ya Hindi.

Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari katika Korongo la Kongo, mbele ya mdomo wa mto, ukakata WACS pamoja na kebo nyingine, SAT-3. Meli ya kutengeneza ilichukua wiki kadhaa. Tarehe 14 Machi 2024, kebo nne, WACS, ACE, MainOne na SAT-3, zilikatika pamoja mbele ya pwani ya Abidjan. Aliyekuwa na kampuni mbili zinazopita magharibi alikuwa na ankara mbili na shimo moja.

Wala si lazima bahari iingilie. Kampuni ya faiba na kampuni ya simu zinaweza kukodi nyaya ndani ya bomba moja chini ya barabara moja, na mnara wa 4G ulio juu ya paa la jirani huenda unapata intaneti yake kwa faiba ile ile iliyokatwa na mtaro. Ukitaka kujua, muulize fundi wa kampuni, si muuzaji wa kwenye kaunta. Pia jipimie mwenyewe. Andika `tracert 1.1.1.1` kwenye Windows ukiwa kwenye faiba, nakili orodha, kisha rudia ukiwa kwenye 4G. Kama kuanzia hatua ya tatu au ya nne majina ya mitambo ni yale yale, unapita mlango mmoja. Muda nao unasema kitu: mwanga ndani ya faiba huenda karibu kilomita 200 kwa kila milisekunde, hivyo kila kilomita 1000 za njia zinaongeza milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Ping ya seva iliyoko Johannesburg ikirudi siku zote kwa zaidi ya milisekunde 200, huenda data yako haikuteremka kusini; imezungukia Ulaya ikarudi.

Setilaiti ndiyo njia inayoepuka mitaro yote ya mji. Mei 2025 ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitangaza kuipa Starlink leseni, baada ya kuipiga marufuku Machi 2024. Setilaiti zake zinaruka kwenye kilomita kama 550, ndiyo maana simu ya video inawezekana, tofauti na VSAT ya zamani ambayo setilaiti yake iko kilomita 35,786 juu na kila neno linachukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Lakini sahani ya kawaida ya Starlink inakula wati 75 hadi 100. Na hapo tunafika kwenye adui mkubwa wa mji huu.

Kura (umeme) ikiondoka

Tuseme ukweli wa hapa kwetu: mara nyingi intaneti inapokatika, sababu ni kura. Njia mbili kwenye soketi moja ni njia moja. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua betri kabla ya laini ya pili.

Habari njema ni kwamba ruta, kiboksi cha faiba na modemu ya 4G havili umeme mwingi. Vyote vitatu kwa pamoja vinakula kama wati 20. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7, ile ya kwenye UPS ndogo na kengele za ulinzi, ina Wh 84. Usiimalize, itakufa mapema. Chukua nusu, Wh 42, na utapata saa mbili hivi. Ah 18 inakupeleka karibu saa tano na nusu. Vifaa hivi kwa kawaida vinatumia volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo kubadilisha 12 kuwa 220 kwenye inveta na kuishusha tena kuwa 12 kwenye chaja ya ruta ni kuimwaga akiba njiani. UPS ndogo za DC zinazotoa volti 12 moja kwa moja zinadumu zaidi kwa betri ile ile.

Soma kilichoandikwa kwenye chaja ya kila kifaa kabla hujachomeka. Modemu ya volti 9 ina tundu linalofanana kabisa na la ruta ya volti 12, na halitakuonya. Nimeandika kwa rangi ya kucha kwenye kila plagi ya Mama: nukta moja, 12, nukta mbili, 9. Na betri ya asidi inapochajiwa hupanda mpaka karibu volti 13.8, vifaa vingine vinavumilia, vingine moshi, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti katikati.

Mnara wa 4G nao una betri zake na mwisho wake. Kura ikiondoka mtaa mzima, kila mwenye simu anahamia kwenye mnara huo huo kwa wakati mmoja, na baada ya saa kadhaa mnara wenyewe unaweza kuzima. Kama eneo lako linakatiwa kwa muda mrefu, chagua laini ya akiba ambayo inabaki hai hata saa ya nne ya giza, hata kama si yenye kasi kuliko zote. Hilo hakuna tangazo litakalokuambia. Kaa na simu mbili gizani, uone ipi inabaki.

Jaribio linalofaa

Kuchomoa waya wa LAN kulimdanganya Mama miezi yote ile. Jaribio la kweli linaacha kiboksi cha faiba kiwake na kukata kilicho nyuma yake. Unaweza kuchomoa kile kiplagi kidogo cha kijani cha faiba kwa upole, usichungulie ndani kwa jicho, mwanga wake hauonekani lakini upo, na kukifunika kwa kofia yake kisiingie vumbi. Asiyependa kuigusa faiba aandike sheria kwenye ruta inayozuia ping kuwafikia mashahidi wawili, asubiri, kisha aifute.

Sisi tunafanya Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla duka halijafunguliwa. Siku hiyo hiyo Mama ananunua kifurushi kidogo cha 4G hata kama hakuna kilichokatika, kwa sababu laini isiyotumika inaweza kufungwa na kampuni, na akiba iliyofungwa utaijua ukiihitaji. Mara ya mwisho nilichomoa plagi ya kijani, yeye akahesabu kwa sauti akiangalia ukurasa wa fomu za chuo ukizunguka. Alifika 24. Ukurasa ukafunguka.

"Ishirini na ine," akasema. "Wateja hawawezi kungojea vile."

Nikamwambia inaweza kushushwa mpaka kama 10 kwa skripti, lakini ruta itaanza kuhama hata ping chache tu zikipotea. Akafikiria, akasema basi iache hivyo, yeye mwenyewe atawaambia wasubiri.